Daftari la Malindi, 2023

Jumatatu, 2 Januari

Kaskazi imevuma usiku kucha na madirisha hayakutulia. Watoto wako Mambrui kwa nyanya yao mpaka shule zifunguliwe, kwa hiyo meza yote ni yangu. Malengo ya mwaka nayaandika kwa wino.

Kwanza, rasimu ya riwaya iishe kabla ya sikukuu ya Jamhuri. Iishe kweli, hadi nukta ya mwisho ya sura ya mwisho.

Pili, kila hesabu iliyomo niwe nimeipiga mwenyewe na kuihakiki. Nafundisha fizikia. Siwezi kuwafundisha Kidato cha Tatu nguvu ya mvutano mchana, kisha usiku nikaivunja kitabuni kwa kuwa kisa kimeninogea.

Tatu, nikamsomee Mjomba sura za mwanzo kule Ngomeni, naye afuate kisa bila mimi kusimama kumfafanulia. Hili ndilo linalonitia hofu. Mjomba ameivua bahari ile tangu ujana wake. Riwaya yangu imetia nanga kwenye bahari hiyo hiyo. Ikimpita yeye, basi itakuwa imeandikwa kwa lugha yetu lakini haizungumzi nasi.

*Usiku.* Nimesoma tena habari za madaftari ya mwandishi Octavia Butler, ambayo sasa yamehifadhiwa Huntington Library, California. Mwanamke yule aliamka saa nane za usiku akaandika, kisha akaenda kufanya vibarua. Alijiandikia malengo makubwa bila haya: vitabu vyake viingie kwenye orodha za vinavyouzwa zaidi, awasaidie vijana weusi maskini kusoma. Riwaya yake Parable of the Sower ilitoka 1993. Iliingia kwenye orodha ya New York Times mwaka 2020, miaka 14 tangu afariki. Nimekaa na tarehe hizo mbili kwa muda mrefu. Naona alikuwa na haki ya kuandika kwa ukubwa ule, na mwaka mmoja ni kipimo kifupi mno kwa kitabu. Lakini mwaka ndio nilio nao mkononi.

Jumapili, 29 Januari

Leo hesabu tu.

Kisa kinataka ngazi ya kupandia angani: uzi mmoja ulioshikwa chini baharini na kupanda hadi kilomita 35,786, mahali ambapo chombo huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, kwa hiyo kwetu huonekana kimesimama. Juu ya hapo uzi huendelea, na uzito wa upande wa nje ndio unaouvuta ukakaza. Wazo hili si geni. Tsiolkovsky alilianza 1895 kwa kufikiria mnara, na Artsutanov akalipa umbo la uzi unaoshushwa kutoka juu mwaka 1960. Arthur C. Clarke aliliandikia riwaya, The Fountains of Paradise, 1979.

Clarke aliishi Sri Lanka tangu 1956 na kisiwa kile ndicho alichokiandika. Kwa kuwa uzi unataka ikweta, akakisogeza kama kilomita 800 kusini ndani ya kitabu. Ni haki ya mwandishi. Mimi sitaisogeza Ngomeni. Iko karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta na itabaki hapo, na minazi yake na vilima vyake vya chumvi.

Nimeshinda na swali moja: uzi ukifungwa nyuzi 3 kusini, unafanya nini? Unasimama, lakini hausimami wima. Huegemea upande wa ikweta. Maana yake mtu aliyesimama ufukweni Ngomeni atauona umeinama kaskazini kabla macho hayajaupoteza. Nilipofika hapo nilifunga daftari nikatoka nje nikatazama juu upande ule. Hesabu imenipa picha ambayo nisingeibuni.

Jumamosi, 18 Machi

Mwalimu mwenzangu amesema tena kwamba hadithi za kisayansi si zetu. Kwenye chumba cha walimu sikubishana sana, lakini hapa nitaandika yote.

Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, miaka 6 kabla ya Sputnik. Nchi nzima inaelea hewani, na wajumbe wake wanatumwa pande sita, mmojawapo mbinguni, mwingine ardhini. Katama Mkangi, mtu wa huku kwetu Kilifi, alitoa Walenisi mwaka 1995. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo, anapakiwa kwenye chombo cha angani, na badala ya kufa anafika kwenye sayari yenye utaratibu mwingine wa kuishi. Mkangi aliandika hivyo baada ya kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Alijua chumba cha chuma kisicho na mlango wa kutokea kinafananaje.

Ninachokiona nikiwasoma pamoja: wote wana haraka ya kufika kwenye haki. Chombo chenyewe hawakihitaji sana. Kinawabeba, wanashuka, wanaanza kuzungumza habari za watawala na watawaliwa. Nawaelewa. Lakini mimi nataka na chombo. Nataka msomaji ajue bolti ipi imelegea na nani alipewa kazi ya kuikaza, kwa sababu dhuluma nyingi za wakati ujao zitakuwa ndani ya bolti hizo, na asiyejua mtambo unavyofanya kazi hatajua ameonewa wapi.

Jumapili, 2 Aprili. Ramadhani

Mama amekuja kufuturu. Tambi, kaimati, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga. Baada ya Magharibi nikamweleza tatizo la sura ya nne.

Abiria wangu wanapanda ule uzi kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa. Mpaka kituo cha juu ni siku saba na nusu. Fundi wangu, mwanamke wa Ngomeni, anapanda katikati ya Ramadhani. Chini jua limezama, watu wanafungua. Yeye yuko juu, na kadiri anavyopanda ndivyo jua linavyochelewa kumzamia. Si jambo la kubuni. Mwaka 2011 huko Dubai ilibidi wanazuoni waseme kwamba wakaao ghorofa za juu za Burj Khalifa wasubiri dakika mbili tatu zaidi kabla ya kufungua saumu. Ikiwa jengo tu lina dakika tatu, je, kilomita elfu kumi? Na kule juu kabisa jua halizami ila kwa majira mafupi, karibu na siku zile za Machi na Septemba ambazo mchana na usiku hulingana, dunia inapolikinga kwa muda usiozidi saa moja na robo hivi.

Mama hakushangaa. Alimenya chungwa lake akauliza, "Huyo si msafiri? Msafiri ana ruhusa."

Nikamwambia ndivyo walivyosema Malaysia pia, mwaka 2007, Sheikh Muszaphar Shukor alipokwenda kwenye kituo cha kimataifa cha anga ndani ya Ramadhani: sala zifuate saa za mahali aliporushiwa, na saumu angeweza kuilipa akirudi.

"Basi limekwisha," akasema. Kisha, baada ya vipande viwili vitatu, "Lakini huyo mwanamke wako atafunga tu. Akijua nyumbani wamefunga, atafunga. Na atafungua kwa adhana ya Ngomeni hata kama jua linamtazama usoni."

Nimeiandika sura yote usiku huu. Fundi amekaa dirishani na tende mkononi, jua kali upande wa kushoto, na redio inamletea sauti ya muadhini wa kijijini kwao, ikiwa imechelewa kidogo kwa sababu ya umbali. Ni kurasa bora zaidi nilizowahi kuandika, na nusu yake ni za Mama.

Jumamosi, 15 Aprili

Saa tatu na dakika 48 asubuhi Taifa-1 imeruka. Wiki nzima wameahirisha, leo imekwenda. Tumeitazama sebuleni kwenye simu, watoto wamenilalia mabegani, mdogo hajafunga lakini anajidai amefunga. Setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuitazama ardhi, ndogo kiasi cha kubebwa mikononi, imepakiwa pamoja na nyingine nyingi kwenye roketi ya Falcon 9 huko Vandenberg, California.

Binti yangu ameuliza swali ambalo kila mtu wa pwani hii angeuliza: "Mama, kwani kwa nini haikurushwa hapo Ngomeni?"

Nilimweleza mambo mawili. La kwanza, ile kambi ya anga ya Waitaliano hapo Ngomeni ingali inafanya kazi ya kuwasiliana na vyombo vilivyoko juu, lakini roketi ya mwisho kutia setilaiti angani kutoka kwenye majukwaa yao ya baharini ilikuwa ya 1988. La pili ndilo alilolipenda. Faida ya kurushia ikweta ni kwamba dunia inakusukuma: hapa kwetu ardhi inakimbia kuelekea mashariki karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayokwenda mashariki huupata mwendo huo bure. Ndiyo maana walikuja, na ndiyo maana walitaka bahari upande wa mashariki, ili vipande vinavyoanguka viangukie maji. Lakini Taifa-1 inazunguka kwa kupita karibu na ncha za dunia, kaskazini na kusini, ili siku baada ya siku ipite juu ya nchi wakati jua liko pale pale. Kwa njia hiyo ule msukumo wa mashariki haumsaidii mtu.

Akafikiri. "Kwa hiyo za kwenda mashariki zingerushwa hapa."

Ndiyo, mwanangu. Zingerushwa hapa.

Jumapili, 11 Juni

Nimekwenda Ngomeni. Matatu hadi Gongoni, kisha bodaboda katikati ya mashamba ya chumvi. Kusi limeshika, bahari ina rangi ya chuma, mashua nyingi zimepandishwa. Mjomba alikuwa kivulini chini ya mkungu akitengeneza dema, vipande vya fito vimemzunguka.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na vitabu vyako."

Nilisoma sura tatu, sikusimama. Yeye hakuacha kusuka. Vijana wawili waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza, wakasogea. Nilipomaliza aliuliza maswali, na hakuna hata moja lililohusu neno asilolielewa. Nayaandika yote kama yalivyokuja.

"Huo uzi wenu ni amari tu. Nanga iko juu badala ya chini. Sasa, kusi likiushika?"

Nikamjibu nilivyojiandaa. Kwamba wataalamu huchagua bahari ya karibu na ikweta kwa sababu vimbunga vikubwa haviundiki huku. Mzunguko wa dunia huku hauna nguvu ya kuupindisha upepo ukajiviringa. Kwa hiyo uzi hauna adui mkubwa.

Akatikisa kichwa. "Kimbunga kinakuja siku mbili kinapita. Mimi nakuuliza kusi. Kusi linasukuma upande mmoja kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa, usiku na mchana. Haliukati uzi wako kwa pigo. Linausugua."

Kisha akachukua kamba kuukuu iliyokuwa chini ya mguu wake akanipa. Nyuzi za katikati zilikuwa nzima, ngumu, zina lami. Lakini shibiri moja kutoka mwisho, mahali ilipokuwa ikipita ukingoni mwa mashua, zilikuwa zimefumuka na kuwa laini kama nywele za mtoto, nikaweza kuzichana kwa kucha. "Amari haikatiki inapovutwa sana," akasema. "Hukatika inaposuguana. Huyo mkaguzi wako mbona anakwenda kukagua juu?"

Alikuwa anakwenda juu kwa sababu fizikia inasema mvuto mkubwa kuliko wote uko kule kwenye kilomita 35,786, na ndipo uzi unapotakiwa kuwa mnene zaidi. Fizikia haikukosea. Lakini mtambo wowote una mahali unapobeba mzigo na mahali unapolika, na si lazima pawe pamoja. Wahandisi wote wa riwaya yangu wanatazama juu. Fundi wa Ngomeni, binti wa mvuvi, ndiye atakayetazama chini, kwenye mita zile za kwanza zinazopigwa na chumvi na kusi. Kisa kizima kimepata uti wa mgongo hapo mkunguni, na nilirudi nimeibeba ile kamba mkobani.

Swali la mwisho aliniuliza nikiwa nimeshasimama kuondoka. "Na sisi tutapita wapi? Ukitia nanga kitu kikubwa hivyo hapo ghuba ya Ungwana, watakuja watu na boya nyekundu." Sikuwa na jibu. Akaniambia alipokuwa kijana aliona moto ukipanda kutoka baharini, kisha sauti ikafuata baadaye, na watu wazima wakasoma dua. San Marco jukwaa la kurushia, Santa Rita jukwaa la kuongozea. Anayataja majina hayo kama anavyotaja miamba ya kuvulia.

Jumanne, 20 Juni

Nimeanza upya kuanzia sura ya pili. Jina la riwaya sasa ni Amari.

Jumatano, 23 Agosti

Saa tisa na nusu alasiri na dakika chache, Wahindi wametua karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Chandrayaan-3. Siku nne tu zilizopita chombo cha Warusi kilianguka mwezini kikielekea huko huko. Nimewatazama akina mama waliovaa sari na maua kwenye nywele wakishangilia kwenye kile chumba cha kuongozea, na nikajua fundi wangu lazima avae leso yake kazini. Anafanya kazi akiwa yeye.

Alhamisi, 21 Septemba

Jibu la mchapishaji niliyempelekea sura tano na muhtasari. Barua ya heshima. Lugha imewapendeza, sura ya Ramadhani imewagusa, lakini wanauliza kama kitabu kinaweza "kuelekezwa zaidi kwenye mahitaji ya shule", maana soko la riwaya ya Kiswahili ni vitabu vya kutahiniwa, na wanahofia hesabu zitawatisha walimu wa fasihi. Wanapendekeza nipunguze uzi na niongeze mapenzi.

Wana mishahara ya kulipa na karatasi ni ghali. Hayo nayaelewa. Lakini sipunguzi uzi. Nimewasomea watoto wa Kidato cha Pili ukurasa wa amari inavyolika, kipindi cha mwisho Ijumaa, wakati ambapo hata kengele hawaisubiri kwa utulivu. Walitaka kujua kama utakatika. Mmoja alikaa akanichorea mahali ambapo yeye angeweka kamera. Hesabu haikuwatisha kwa sababu kuna mtu ananing'inia mwishoni mwa hesabu ile.

Nitawajibu kwa adabu, na nitapeleka kwingine.

Jumapili, 19 Novemba

Mvua, mvua. Barabara ya kwenda Garsen imekatwa na maji, watu wa Tana wamehamia kwenye miinuko na mifugo yao. Shuleni tumekusanya unga na mablanketi. Umeme hakuna. Nimeandika sura ya mwisho kwa taa ya chemli, na imeisha. Sijui kama niseme nimefurahi. Nimemwita mume wangu aje aone ukurasa, akauona, akanishika bega, akaenda kuangalia paa la jikoni.

Jumanne, 12 Desemba. Jamhuri

Siku kama ya leo mwaka 1970, miaka 53 iliyopita, roketi ya Scout ilitoka hapo Ungwana na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend wa NASA, aliiita Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ilifanya kazi hadi 1973 na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Nimewauliza wanafunzi wangu mara nyingi. Wanajua mji alikotua Vasco da Gama, wanajua nguzo yake, wamepigia picha pale. Uhuru hawaijui. Kutoka kwenye maji ambayo baba zao wanavua, binadamu alianza kuuona ulimwengu kwa jicho jipya, na hawakuambiwa. Hasira yangu juu ya jambo hili haijapungua tangu nilipolijua, na sitaki ipungue. Ndiyo iliyoniandikisha.

Leo nimeongeza ukurasa mmoja kwenye rasimu: kwenye ukuta wa kituo cha chini, fundi wangu anapita kila asubuhi mbele ya namba 339 iliyochongwa kwenye chuma. Haelezwi mtu ni ya nini. Atakayetaka atatafuta.

Jumamosi, 30 Desemba

Malengo ya 2024.

Kuihariri Amari, kuanzia mwisho kurudi mwanzo, ili sura za nyuma zisipate jicho lililochoka. Kuipeleka kwa wachapishaji wengine, mmoja wa Nairobi na mmoja wa Dar es Salaam. Wakikataa, nitatoa nakala chache kwa pesa zangu: za maktaba ya shule, ya Mama, na ya Ngomeni.

Kuisoma tena Parable of the Sower mwezi wa Julai, maana kisa chake kinaanza Julai 2024. Nataka kuusoma wakati ujao wa Butler siku ambayo umekuwa leo.

Kitabu cha pili. Kimeshaanza kunisumbua, na kinatoka kwenye swali la Mjomba nililoshindwa kulijibu: wavuvi watapita wapi. Nadhani ni kesi. Wavuvi wa Ungwana dhidi ya wenye uzi, mbele ya mahakama, na fundi wangu akiwa shahidi ambaye kila upande unamhesabu kuwa wake. Shaaban Robert alijua nguvu ya mtu mmoja anayejieleza barazani, na hapo nitamfuata.

Kwa hiyo mwaka ujao najifunza sheria ya bahari. Nimeanza jana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1982 unaruhusu nchi kuweka eneo la usalama kuzunguka mtambo uliosimikwa kwenye ukanda wake wa kiuchumi, hadi mita 500 pande zote. Nimechukua ramani ya bahari nikaizungushia bikari. Nikienda Ngomeni Februari, jambo la kwanza ni kumwonyesha Mjomba ile duara na kumuuliza inameza miamba gani, nani anatega madema pale, na mwezi gani samaki wanakaa ndani yake.